Usimlee Peke Yako: Mazungumzo na Wazazi wa Watoto Wenye Magonjwa Adimu

Mimi ni muuguzi wako wa afya ya jamii. Juma lililopita tulizungumza juu ya minyoo, na nilipouliza ni nani amewahi kuwa na mtoto mwenye minyoo, simu zilipigwa hadi tukashindwa kuzipokea zote. Leo nataka tuzungumze juu ya magonjwa ambayo nikiuliza swali kama hilo, huenda simu isilie hata moja. Si kwa sababu magonjwa hayo hayapo. Ni kwa sababu mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo yuko nyumbani, amefunga mlango, na anaamini kwamba yuko peke yake duniani.

Haya ndiyo tunayoita magonjwa adimu. Kule Ulaya, ugonjwa huhesabiwa kuwa adimu ukiwapata watu wasiozidi mmoja katika kila 2,000. Kila mmoja ni mchache, lakini aina zake ni maelfu. Mengi huanza utotoni, na mengi hutokana na kasoro katika chembe za urithi ambazo mtoto huzaliwa nazo. Tangu mwaka wa 2008, siku ya mwisho ya mwezi wa Februari imekuwa siku ya kuwakumbuka watu hawa ulimwenguni.

Ili tusizungumze mambo ya hewani, nitachukua ugonjwa mmoja ambao nimeuona kwa macho yangu. Unaitwa himofilia. Huu ni ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Wewe ukijikata na kisu ukimenya viazi, damu hutoka kidogo kisha hukauka. Mtoto wa himofilia amepungukiwa na kitu kimoja katika damu kinachosaidia kuganda, kwa hivyo damu huendelea kutoka kwa muda mrefu. Mara nyingi huvuja ndani, pasipoonekana: katika goti, katika kifundo cha mguu, katika kiwiko. Kiungo huvimba, kinakuwa na joto, na mtoto hulia usiku kucha.

Sasa msikilizaji, kabla sijaendelea, ninataka kukiri jambo.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja alikuja katika zahanati niliyokuwa nikifanya kazi. Alikuwa amembeba mtoto wa kiume wa mwaka mmoja hivi, aliyekuwa anaanza kutambaa na kujishikilia viti. Nilipomvua nguo nimpime uzito, niliona alama nyeusi na za samawati kifuani, mikononi na mapajani. Foleni ilikuwa ndefu. Bila kumpeleka kando, nilimuuliza kwa sauti, "Mama, ni nani amempiga mtoto hivi?"

Watu wote kwenye benchi waligeuka. Yule mama akaniambia polepole, "Sista, mimi sijampiga mtoto wangu." Mimi nikaandika kwenye kadi, nikamwambia arudi na baba ya mtoto. Hakurudi. Hakurudi kwa chanjo, hakurudi kwa kupimwa uzito. Nilikuja kumwona tena baada ya miezi mingi, wakati mtoto alipoanguka, akajiuma ulimi, na damu ikatoka siku mbili bila kukoma. Ndipo tukampeleka hospitali kubwa, damu ikapimwa, ikajulikana ni himofilia. Alama zile hazikuwa za fimbo. Mtoto alikuwa akivuja damu chini ya ngozi kila alipogusa ukingo wa kiti.

Kusema kweli, mimi ndiye niliyekuwa mmoja wa watu waliomfungia mama yule nyumbani. Swali langu lilikuwa la haki, kwa maana mtoto akipigwa ni lazima tujue. Lakini ningeliuliza faraghani, na ningeliuliza pia, "Je, anapoumia damu hukawia kukauka? Je, kuna mjomba wake aliyekuwa hivyo?" Mama yule angelijibu, na miezi ile haingelipotea.

Baadaye alinieleza jinsi alivyokuwa akiishi. Aliacha kwenda kanisani kwa sababu mtoto akishikwa na watu wengi hutoka alama. Aliacha kwenda kwenye chama cha akina mama kwa sababu pesa za mchango alizitumia kwa nauli ya hospitali, na aliona haya kusema. Majirani waliwaambia watoto wao wasicheze na mwanawe, wengine kwa kuogopa kuambukizwa, wengine kwa kuogopa kulaumiwa akianguka. Mama mkwe alisema ugonjwa huu haujawahi kuonekana katika boma lao, kwa hivyo umeletwa na mwanamke. Bwana yake alinyamaza tu. Akaniambia, "Sista, nilikuwa naongea na mtoto na kuku peke yao."

Waswahili husema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ni kweli. Lakini mzazi akiachiwa uchungu huo peke yake, unamla.

Hebu tutazame kwa nini mzazi wa mtoto kama huyu hujitenga, au hutengwa. Nimeona sababu nne.

Sababu ya kwanza ni uchache wenyewe. Himofilia ya aina inayoonekana zaidi humpata mtoto mmoja katika kila watoto wa kiume 5,000 hivi wanaozaliwa. Chukua shule kumi, kila moja iwe na wavulana 500. Katika shule zote hizo kumi, huenda ukampata mmoja. Kwa hivyo mama mwenye mtoto wa malaria ana wenzake mlango kwa mlango, lakini mama wa himofilia mwenzake wa karibu huenda yuko tarafa nyingine. Hata sisi wauguzi, wengi hatujawahi kumwona mgonjwa kama huyo, na tunaweza kukosea kama nilivyokosea mimi.

Sababu ya pili ni lawama. Ugonjwa huu kwa kawaida huwapata watoto wa kiume, na mara nyingi hupitia kwa mama. Mama mwenye chembe hiyo ya urithi huenda asiumwe kabisa. Kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa na ugonjwa, na kila binti ana nafasi nusu kwa nusu ya kuibeba chembe hiyo kama mama yake. Baadhi ya mabinti hao pia hutokwa na damu nyingi, kwa mfano wakati wa hedhi au wa kujifungua, kwa hivyo nao wapimwe. Sasa watu wakisikia "hupitia kwa mama," husema, "Si tulisema!" Lakini sikiliza vizuri. Hakuna mama anayechagua chembe zake za urithi, kama vile hakuna anayechagua rangi ya macho yake. Tena, katika karibu theluthi moja ya watoto hawa, hakuna mtu yeyote katika ukoo aliyewahi kuwa na ugonjwa huo. Umeanza kwa mtoto mwenyewe. Si laana, si uchawi, si dhambi ya mtu, na hauambukizwi.

Kama unafikiri ni laana ya watu maskini, nikueleze kwamba ugonjwa huu uliwahi kuingia katika nyumba za wafalme. Malkia Victoria wa Uingereza alibeba chembe hiyo. Mwanawe Leopold alikuwa na himofilia, akafa mwaka wa 1884 baada ya kuanguka. Kupitia kwa mabinti wa Malkia, ugonjwa ulifika Urusi na Hispania. Mtoto wa mfalme wa Urusi, Alexei, aliyezaliwa mwaka wa 1904, alikuwa nao. Wazazi wake waliuficha ugonjwa huo wasiujue raia. Unaona, msikilizaji? Hata mwenye kasri na askari wa kulinda mlango alifunga mlango huo kwa aibu. Aibu haichagui tajiri wala maskini.

Sababu ya tatu ni hofu ya mzazi mwenyewe. Anaogopa mtoto atasukumwa, ataanguka, atagongwa na mpira. Kwa hivyo anamfungia ndani. Hampeleki shule, na yeye mwenyewe hawezi kutoka kwenda sokoni au kibaruani. Polepole kuta za nyumba zinakuwa ndiyo dunia yao wawili.

Sababu ya nne ni mila, na hapa nazungumza hasa na wazee. Katika sehemu zetu za magharibi, kwa mfano kwa ndugu zetu Wabukusu, tohara hufanywa mwezi wa Agosti katika mwaka unaogawika kwa mbili, kama ilivyokuwa mwaka wa 2022 na wa 2024. Huo ni wakati wa ngoma na furaha. Lakini kwa mzazi wa mtoto mwenye himofilia ni wakati wa kukosa usingizi. Mtoto wake akitahiriwa bila matayarisho, anaweza kutokwa na damu hadi kufa. Asipotahiriwa, anaitwa mwoga, na baba yake anachekwa kwenye kikao. Wapo wazazi waliohama nyumbani mwezi huo kwa sababu hii. Wazee wangu, nawaomba: mtoto ambaye damu yake hukawia kukauka asiguswe na kisu kabla ya kupimwa damu. Akipatikana na himofilia, tohara inaweza kufanywa hospitalini na daktari, baada ya kupewa dawa ya kugandisha damu na kuangaliwa mpaka kidonda kipone. Atakuwa mwanamume kamili kama wengine. Baba yake asichekwe.

Sasa, kujitenga kuna hasara gani? Mtu anaweza kusema, "Mimi nitajikalia kwangu na mtoto wangu, sitaki maneno." Nakuelewa. Lakini mficha maradhi kilio humfichua. Mzazi aliyejitenga huchelewa kufika hospitali, kwa kuwa hana wa kumwambia "hii si ya kungoja." Goti linalovuja damu mara kwa mara bila matibabu huharibika, na mtoto huwa kiwete. Mzazi huyo hukosa habari za dawa. Hukosa mtu wa kumshikia mtoto mwingine anapolazwa na huyu. Na moyo wake huanguka: halali, hali, hujiona hafai. Hayo nayo ni maradhi. Ukiyaona kwako, mwambie muuguzi au daktari. Usione haya. Tunayo matibabu yake pia.

Turudi kwa yule mama wangu. Aliandikiwa kliniki ya damu katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, kule Eldoret. Siku ya kwanza alikaa kwenye benchi, mtoto mapajani, lesso imemfunika mpaka kichwani ili watu wasione zile alama. Pembeni yake alikaa mama mwingine na kijana wa miaka kama kumi. Yule kijana aliinua suruali akamwonyesha daktari goti. Mama wangu akamtazama. Akamuuliza yule mwenzake, "Na wewe wako pia huvimba goti?" Yule akajibu, "Dada, kama mkate uliotiwa hamira." Wakacheka. Aliniambia alikuwa hajacheka hospitalini tangu azae.

Kikundi chao kilianzia hapo, kwa swali moja kwenye benchi. Hakukuwa na mgeni wa heshima wala kukata utepe. Waliandikiana nambari za simu. Siku ya kliniki iliyofuata wakawa watatu, tena baadaye akaja baba mmoja aliyekuwa akilea mtoto wake bila mama. Leo hawafiki kumi, na wanatoka sehemu mbalimbali, lakini nikuambie wanachofanya.

Wanapigiana simu usiku. Mtoto wa mmoja akianguka, anampigia mwenzake mwenye uzoefu, na jibu huwa moja: kichwa, shingo au tumbo, usingoje hata kama hauoni damu, nenda hospitali sasa hivi. Kiungo kikivimba, mtoto apumzike, kiinuliwe, kifungwe bandeji bila kukaza sana, kiwekewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa, huku safari ya hospitali ikitayarishwa. Wanakumbushana kutompa aspirini, wala dawa yoyote ya maumivu bila kumuuliza daktari. Parasetamoli kwa kawaida haina neno.

Wanachanga pesa kidogo kila mwezi, kama chama chochote. Tofauti ni kwamba mzunguko wao haumfikii mtu kwa zamu. Humfikia yule ambaye mtoto wake amelazwa.

Wanafundishana kuhifadhi dawa ya kugandisha damu, ile ambayo kule kliniki wanaiita fakta, isipate joto njiani. Wanaelezana kwamba siku hizi kuna pia dawa ya kudungwa chini ya ngozi kwa ajili ya kuzuia damu kuvuja, ambayo hufaa baadhi ya watoto, ili kila mmoja ajue kumuuliza daktari. Wanakumbushana kujiandikisha na SHA, ile bima iliyochukua mahali pa NHIF mwaka wa 2024.

Tena wanakwenda shuleni pamoja. Mwalimu mkuu alimkataa mtoto wa mmoja wao akisema, "Akifia hapa nitasema nini?" Mama huyo akienda peke yake alikuwa analia tu. Walipokwenda watatu, pamoja nami na barua ya daktari, mwalimu alisikiliza. Tukakubaliana: mtoto asicheze kandanda ya kugongana wala kupigana mieleka, lakini acheze, kwa maana misuli yenye nguvu hulinda viungo. Asichapwe, na kwa kweli sheria ya nchi hairuhusu mtoto yeyote achapwe shuleni. Akiumia, mzazi apigiwe simu mara moja. Nambari ikaandikwa ukutani katika ofisi. Mtoto anasoma mpaka leo.

Msikilizaji, kidole kimoja hakivunji chawa. Hata chama cha ulimwengu cha ugonjwa huu kilianzishwa mwaka wa 1963 na mtu mmoja wa Kanada, Frank Schnabel, ambaye mwenyewe alikuwa na himofilia. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 17 Aprili, ndiyo inayoadhimishwa duniani kila mwaka kuwa siku ya himofilia. Leo dawa nyingi wanazopewa watoto wetu bila malipo hupitia kwa mpango wa msaada wa chama hicho.

Basi, kama wewe ni mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa adimu, uwe himofilia au mwingine wowote, ufanye nini?

La kwanza, jua jina la ugonjwa. Mwombe daktari akuandikie kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, na uliweke jina hilo pamoja na kadi ya kliniki. Ugonjwa usio na jina huwa mwepesi wa kuitwa laana.

La pili, muulize muuguzi wa kliniki, "Kuna mzazi mwingine wa mtoto kama wangu?" Sisi hatuwezi kukupa jina la mtu bila ruhusa yake, lakini tunaweza kumuuliza, na akikubali tutawaunganisha. Kama hakuna mwenye ugonjwa ule ule, mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa mwingine wa muda mrefu pia atakuelewa. Njia ya hospitali ni ile ile, na usiku ni ule ule.

La tatu, mwambie mtu mmoja karibu na nyumbani. Mmoja tu kwanza: dada yako, jirani, au mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Mweleze ugonjwa ni nini na afanye nini wewe ukiwa hupo.

La nne, baba aje kliniki. Nasema tena, baba aje. Yule bwana aliyekuwa amenyamaza alikuja mara moja, daktari akamweleza kwa kuchora kwenye karatasi. Aliikunja karatasi hiyo akaiweka mfukoni, na ndiyo aliyokwenda nayo kumwonyesha mama yake. Tangu siku hiyo maneno ya boma yalipungua.

Na wewe jirani ambaye huna mtoto kama huyo? Usingoje uitwe. Usiulize, "Alifanya nini hata akawa hivi?" Uliza, "Leo nikushikie nini?" Mchotee maji. Kaa na mtoto saa moja aende sokoni. Waambie watoto wako wacheze naye kwa upole. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini unaweza kumsaidia mwenzako kukianika juani.

Na sisi wauguzi, niseme nikitazama chini: tuulize faraghani, na tusikilize jibu.

Wazazi, chanjo zote mtoto apate. Mwambieni muuguzi mapema kwamba ana himofilia, ili atumie sindano nyembamba, adunge jinsi inavyofaa, na mahali palipodungwa pakandamizwe kwa dakika kumi. Yule mtoto niliyemkosea alirudi kwangu kumaliza chanjo zake. Mama yake ndiye aliyekandamiza pamba, akihesabu dakika kwenye saa ya ukutani, huku akimweleza mama mgeni aliyekuwa pembeni yake kwa nini anafanya hivyo. Hakuwa amefunika kichwa.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuharisha na maji ya kunywa. Kama unamjua mzazi aliyefunga mlango, usingoje juma lijalo. Mbishie hodi leo. Kwa sasa mimi ni muuguzi wako. Kwaheri ya kuonana.